Uchambuzi wa kisa: Godauni la chuma Nairobi, skani ya leza, na modeli iliyonyoosha nguzo zilizoinama

Kisa hiki ni cha godauni moja katika Eneo la Viwandani, Nairobi. Majina ya mwenye jengo, mpangaji na kampuni zilizofanya kazi yameondolewa pamoja na namba ya ploti, na vipimo vya jumla vya jengo vimetolewa kwa makadirio. Vipimo vya ndani, ambavyo ndivyo vyenye faida kwa msomaji, vimeachwa jinsi vilivyokuwa. Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya wapimaji, wachoraji wa modeli, na wahandisi wanaopokea modeli za aina hii kisha wakazijengea hesabu.

Usuli

Godauni lina urefu wa mita 96 na upana wa mita 42. Ni mapaa mawili ya mgongo yaliyopakana, kila moja upana wa mita 21, na katikati yake gata moja la chuma linalopokea maji ya pande zote mbili. Fremu ni 17, zimeachana mita 6, kwa hiyo kuna nafasi 16. Kila fremu ina nguzo tatu, jumla nguzo 51. Ukingo wa paa uko mita 7.2 kutoka sakafuni, mgongo karibu mita 9. Nafasi 11 za upande wa barabara ni za zamani. Tano za nyuma ziliongezwa baadaye na mkandarasi mwingine. Michoro ya ujenzi wa kwanza haikupatikana, wala ya nyongeza.

Mwenye jengo alitaka mambo mawili: paneli za sola juu ya paa, na ghorofa ya kati ya chuma ndani ya nafasi nne za mbele kwa ajili ya ofisi na ufungashaji. Mhandisi wa miundo aliomba modeli ya jengo jinsi lilivyo katika Revit, programu ya kuchora majengo, itokane na skani ya leza, yaani mamilioni ya nukta zinazopimwa kwa mwali na ambazo pamoja huitwa wingu la nukta. Maelezo ya kazi katika mkataba yalikuwa mstari mmoja: modeli ya jengo zima, LOD 300.

Nusu ya matatizo yaliyofuata yalizaliwa na mstari huo. LOD husema kitu kimechorwa kwa undani kiasi gani. Haisemi kitu hicho kiko karibu kiasi gani na mahali pake halisi. Kwa hilo kuna kipimo kingine, LOA, kilichowekwa na taasisi ya USIBD ya Marekani: LOA20 ni milimita 15 hadi 50, LOA30 ni milimita 5 hadi 15, LOA40 ni milimita 1 hadi 5. Modeli inaweza kuwa na kila bolti na bado nguzo zake zikawa zimehama milimita 40.

Kiongozi wa timu ya upimaji aliliona pengo hilo mapema, akampigia mhandisi simu na kumuuliza atakokotoa nini hasa kutokana na modeli. Majibu yalikuwa bayana. Fremu na papi, yaani vyuma vya kulalia mabati, vilihitaji LOA30. Kuta, milango na sakafu zilitosha kwa LOA20. Ofisi za mbao zilizo pembeni zingebomolewa, hivyo hazikuhitajika kabisa. Makubaliano hayo yaliandikwa kwenye barua pepe kati ya watu hao wawili. Hayakuingizwa katika mkataba mdogo wa mchoraji wa modeli, ambaye alikuwa kampuni nyingine.

Kazi ndani ya godauni

Mpangaji hakuweza kusimamisha upakiaji, kwa hiyo skani ilifanywa usiku, baada ya lori la mwisho kutoka hadi kabla ya zamu ya asubuhi. Usiku ulikuwa na faida nyingine. Mabati ya Nairobi huwaka mchana na kupoa haraka jua likizama, na chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa urefu wa mita 96, tofauti ya nyuzi 10 ni karibu milimita 11.5 kama chuma hakijazuiwa. Joto la ndani liliandikwa mwanzo na mwisho wa kila zamu, jambo linalochukua nusu dakika na ambalo wengi huliacha.

Rafu zilikuwa zimejaa, kimo chake mita 6, na njia kati yake upana wa mita 2.9. Katika mazingira hayo skana huona njia iliyosimama na kidogo sana nje yake. Vituo viliwekwa kila baada ya mita 8 hadi 9 katika kila njia, kwa kimo cha mita 1.7, na vingine vichache juu ya jukwaa la magurudumu kwa kimo cha mita 4 ili kupata vichwa vya nguzo na maungio ya boriti. Jumla vituo 88. Msongamano uliowekwa ni nukta moja kila milimita 6 kwa umbali wa mita 10, ambao hutoa zaidi ya nukta milioni 40 kwa kituo. Mabano ya nguzo za nafasi nne za mbele yalirudiwa kwa milimita 3, kwa sababu hapo ndipo ghorofa ya kati ingefungwa.

Msimamizi wa bohari alisimamisha kazi mara moja, tena kwa sababu nzuri: "Injinia, hii mashine haitaharibu watu wangu macho?" Alionyeshwa kibandiko cha daraja la 1 la leza ubavuni mwa kifaa, daraja ambalo ni salama kwa macho katika matumizi ya kawaida, na wapagazi wakaelezwa hivyo kabla ya kuanza. Maelezo hayo yafaa kutolewa bila kungoja kuulizwa. Mfanyakazi mwenye hofu hukwepa njia inayopimwa, au huzuia kazi pasipo kusema sababu.

Msaada mwingine ulileta hasara. Mfagizi wa zamu, akidhani anawasaidia wageni, alipiga deki njia ya tatu dakika chache kabla ya skana kufika. Sakafu ya zege iliyolowa hugeuka kioo: mwali hugonga maji, unaruka hadi kwenye rafu au paa, na kifaa huandika nukta hiyo kana kwamba iko chini ya ardhi. Wingu la nukta la njia hiyo lilikuwa na godauni la pili lililopinduka chini ya sakafu. Nukta za chini zilifutwa kwa urahisi, lakini nukta za sakafu yenyewe zilikuwa chache mno, na vituo vitatu vikarudiwa baada ya zege kukauka.

Nguzo tisa zilikuwa na miguu iliyofichwa nyuma ya paleti. Mpangaji alikubali kuhamisha paleti za nguzo tano. Nne zilibaki zimefichwa, na mbili kati yake zilikuwa ndani ya eneo la ghorofa ya kati.

Juu ya paa, uamuzi ulikuwa kutotumia droni. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, zinataka kibali, na eneo hilo liko kati ya Uwanja wa Wilson na ule wa Jomo Kenyatta. Muda wa kungoja kibali haukuwa ndani ya ratiba. Skana ilipandishwa kwenye ukingo wa paa la ofisi za mbele na kwenye ngazi ya tangi la maji, ikaona miteremko miwili kati ya minne. Miteremko mingine miwili ilichorwa kwa kufuata upande wa chini wa mabati unaoonekana ndani.

Kuunganisha vituo: makosa mawili yasiyojitangaza

Kosa la kwanza lilitokana na jengo kujirudia. Fremu zote zinafanana, zimeachana mita 6, na rafu nazo zinafanana. Programu inayounganisha vituo kwa kulinganisha maumbo ya mawingu ya nukta inaweza kukitelezesha kituo nafasi moja nzima na bado ikaona kila kitu kimelingana. Ndivyo ilivyokuwa kwa vituo vitatu vya njia ya tano: viliwekwa mita 6 mbele ya mahali pake, na ripoti ya programu ikaonyesha kosa la wastani la milimita 2. Ripoti ilikuwa nzuri kabisa. Kilichofichua ni namba za rangi zilizoandikwa kwenye nguzo za rafu. Katika picha za wingu, namba moja ilionekana juu ya nyingine kwenye nguzo ileile.

Dawa yake ni kuvunja mfanano huo kabla ya kuanza. Shabaha za mraba wa weusi na weupe, kila moja na namba yake, zibandikwe angalau tatu kwa kila njia, kwa vimo tofauti, zisiwe kwenye mstari mmoja. Hapa zilikuwepo mwanzoni na mwishoni mwa njia tu. Vituo vya katikati, ambavyo havikuona shabaha hata moja, ndivyo vilivyoteleza.

Kosa la pili lilikuwa la masafa. Mpimaji wa ardhi alikuwa ameweka alama ndani na nje ya jengo kwa totali stesheni, kifaa cha kupima pembe na masafa, akianzia nukta moja iliyopatikana kwa setilaiti katika mfumo wa ramani wa Arc 1960, UTM ukanda wa 37 Kusini. Mzunguko wake wa vipimo ulifunga kwa milimita 4, kazi safi. Lakini vituo vya skana vilipowekwa juu ya alama hizo, tofauti zilikuwa milimita 2 hadi 3 katikati ya jengo, zikaongezeka kuelekea kila ncha hadi milimita 15, kubwa zaidi zikiwa kwa mwelekeo wa urefu wa jengo. Tofauti zinazokua kwa mpangilio huo, sawia pande zote mbili, ni dalili ya kipimo kilichovutwa. Makosa ya kubahatisha hayajipangi hivyo.

Nairobi iko karibu kilomita 240 magharibi mwa mstari wa kati wa ukanda huo, ulio kwenye longitudo ya 39. Kwa umbali huo, ramani ya UTM hurefusha masafa kwa takriban milimita 31 kwa kila mita 100. Wakati huohuo jiji liko juu, na kwa mwinuko wa mita 1,650 hivi, kushusha masafa hadi usawa wa bahari huyafupisha kwa takriban milimita 26 kwa kila mita 100. Mambo hayo mawili yakitumiwa pamoja karibu yanafutana, hubaki milimita 5. Totali stesheni ilikuwa imewekewa la kwanza pekee. Kwa urefu wa mita 96, alama za mpimaji zilikuwa ndefu kuliko godauni kwa milimita 30. Na mzunguko unaoanza na kuishia kwenye nukta ileile hauwezi kulionyesha kosa hilo, kwa kuwa kila upande wa mzunguko umevutwa kwa kiasi kilekile.

Timu ilithibitisha kwa kipima masafa cha leza cha mkononi kati ya bolti mbili za nguzo, kwenye njia iliyo wazi kwa urefu wa jengo. Kipimo kilikubaliana na skana kwa milimita 2. Uamuzi ukawa hivi: masafa yote yabaki ya ardhini, totali stesheni irudishwe kwenye uwiano wa 1, alama zipimwe upya, na jengo lifungwe kwenye UTM kwa nukta moja na mwelekeo mmoja tu. Chuma hukatwa kwa masafa ya ardhini. Fundi wa yadi hana haja ya ramani.

Uamuzi huohuo ulitatua jambo la Revit, ambayo huharibu jiometria iliyo mbali mno na kitovu chake cha ndani. Namba ya kaskazini ya UTM hapa ni karibu mita 9,855,000. Kitovu cha modeli kiliwekwa kwenye makutano ya mistari A na 1 ya gridi ya nguzo, na namba za UTM zikahifadhiwa kama viwianishi vya pamoja.

Modeli ya kwanza

Mchoraji alipokea wingu lililopunguzwa hadi nukta moja kila milimita 5, akarudisha modeli nadhifu sana. Nguzo zote 51 zilisimama wima kabisa juu ya gridi ya mita 6.000. Boriti zote zilikuwa zimenyooka. Sakafu ilikuwa bapa.

Ukaguzi ulifanywa kwa kulinganisha nyuso za modeli na wingu la nukta, umbali ukionyeshwa kwa rangi. Nguzo 17 zilipita milimita 15. Sita kati yake, zote za safu ya katikati, zilikuwa zimeinama hadi milimita 34 kati ya mguu na kichwa. Katika wingu zilionekana pia mbonyeo kwenye mabawa, yaani bapa za pembeni, ya nguzo hizo, kwa kimo cha uma wa foklifti. Papi za nafasi tano za nyuma zilikuwa zimelegea katikati kwa milimita 22, huku za nafasi za zamani zikiwa na milimita 9. Sakafu ilitofautiana kwa milimita 61, na karibu na ukuta wa mashariki, penye bomba la maji ya mvua lililopasuka, ilikuwa imevimba. Udongo mweusi wa upande huu wa jiji hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na sakafu iliyolazwa juu yake bila kuutoa hufuata mwendo huo.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa ndani ya modeli. Mchoraji hakuwa mzembe. Kiolezo chake kilivuta kila nguzo kwenye gridi kiotomatiki, mkataba wake ulisema LOD 300, na nguzo wima kwenye gridi inakidhi LOD 300. Ile barua pepe ya LOA hakuwahi kuiona.

Modeli ilirudishwa na sheria tatu za kuchora. Gridi ibaki mistari iliyonyooka inayopita karibu zaidi na nguzo zote, kwa kuwa gridi ni chombo cha mawasiliano. Nguzo ziwekwe mahali zilipo, si mahali gridi ilipo. Nguzo iliyoinama zaidi ya milimita 15 ichorwe imeinama. Chini ya hapo ichorwe wima na tofauti iandikwe kwenye sifa zake. Sakafu ichorwe kama bamba la kawaida, juu yake uso wa nukta kila nusu mita unaoonyesha miinuko halisi. Papi hazikupindwa moja moja, kazi ambayo ingekuwa ya gharama bila tija: mhandisi alipewa jedwali la kulegea kwa kila papi, lililosomwa moja kwa moja kwenye wingu.

Kila nguzo, boriti na papi ilipewa sifa moja ya ziada yenye majibu matatu: imepimwa, imekadiriwa, haikuonekana. Ile miguu minne iliyofichwa ikapata "imekadiriwa" na rangi ya chungwa kwenye mwonekano wa modeli.

Unene ambao skani haiuoni

Jambo hili ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki.

Mchoraji alikuwa amezipa boriti zote za paa ukubwa mmoja, 305×165×46, yaani kimo na upana kwa milimita, kisha kilo kwa mita. Programu ilikuwa imelinganisha kimo na upana wa boriti kwenye wingu na jedwali la vyuma, ikachagua ulio karibu. Sasa tazama jedwali lenyewe. Boriti ya 305×165×40 ina kimo cha milimita 303.4 na bawa la unene wa milimita 10.2. Ya 46 ina kimo cha milimita 306.6 na bawa la milimita 11.8. Tofauti ya kimo ni milimita 3.2, ya bawa ni 1.6. Kutoka sakafuni hadi boriti iliyo mita 8 juu, huku mwali ukipiga kwa pembe na chuma kikiwa kimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, tofauti hiyo imo ndani ya mtetemo wa kawaida wa nukta.

Kuhusu bawa hali ni mbaya zaidi. Mwali wa leza si sindano. Ni doa lenye upana. Doa linapoangukia ukingo wa bawa, sehemu yake hurudi kutoka kwenye chuma na sehemu kutoka kwenye bati lililo nyuma, na kifaa huandika nukta mahali ambapo hakuna kitu, kati ya viwili hivyo. Ukingo huota mkia. Ukipima unene wa bawa kwenye mkia huo utapata namba, na namba hiyo haina maana.

Kwa hesabu za mhandisi, tofauti kati ya 40 na 46 si ndogo. Nguvu ya kuhimili mpindo hupimwa kwa moduli ya plastiki ya umbo: sentimita za ujazo 623 kwa ya 40, 720 kwa ya 46. Anayeandika 46 mahali pa 40 amelipatia jengo karibu asilimia 16 ya nguvu ambayo halina, kisha anapandisha juu yake paneli za sola ambazo pamoja na reli zake huwa na uzito wa kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba.

Kulegea kwa papi za nyuma ndiko kulikomfanya mhandisi asite. Alitaka kujua kwa nini mkandarasi wa nyongeza aliyetumia papi hafifu awe ametumia boriti zilezile za zamani. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake halikuwa ndani ya wingu la nukta. Timu ilirudi saitini na jukwaa la kupandia, kalipa, na kipima unene cha mawimbi ya sauti. Kalipa peke yake ingedanganya kwa sababu hupima na rangi. Kipima unene kikiwekwa kwenye hali ya kusoma mwangwi hadi mwangwi huiruka rangi na kupima chuma tupu. Boriti mbili za kila fremu zilipimwa, mahali pawili kila moja.

Fremu za zamani zilikuwa 46. Za nyongeza zilikuwa 40. Papi za zamani zilikuwa na unene wa milimita 2, za nyongeza 1.6.

Matokeo

Paneli za sola zilipangwa upya juu ya nafasi 11 za zamani pekee. Nafasi tano za nyuma ziliachwa hadi papi ziongezewe nguvu, gharama ambayo mwenye jengo aliiahirisha. Mfumo ukawa mdogo kuliko alivyotarajia, na hakufurahi, lakini mhandisi aliweza kutia sahihi.

Ghorofa ya kati ilikatwa na kuchomelewa yadi, ikaletwa kufungwa kwa bolti. Kati ya maungio 24 kwenye nguzo za zamani, 22 yaliingia bila kuguswa, yakiwemo yale ya nguzo zilizoinama. Mawili hayakuingia, matundu yalipanuliwa na mabamba ya nyongeza kuchomelewa palepale. Yote mawili yalikuwa kwenye nguzo za rangi ya chungwa.

Uchambuzi

Simu ya kwanza kwa mhandisi ilifanya kazi yake, na bila hiyo ukaguzi wa rangi usingekuwa na kipimo cha kukataa modeli. Ilishindwa mahali pamoja: makubaliano yalibaki kwenye barua pepe. Mkataba wa mchoraji ndio unaoamua modeli itakavyokuwa. Humo kunatakiwa jedwali fupi, kila aina ya kitu na safu tatu: LOD, LOA, na kiwango cha kuinama au kupinda ambacho juu yake kitu kichorwe jinsi kilivyo. Kwa godauni la kawaida jedwali hilo halizidi mistari 12. Gharama ya kuchora upya fremu zote katika kisa hiki ilimwangukia kiongozi wa timu, na kimkataba ilikuwa haki.

Kuhusu kuunganisha vituo, wastani wa kosa unaotolewa na programu usichukuliwe kuwa uthibitisho. Huo husema vituo vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Uthibitisho hutoka nje: urefu mmoja mrefu uliopimwa kwa kifaa kingine, shabaha ambazo hazikutumiwa katika kuunganisha, na jicho la mtu anayepita kila njia akitafuta vitu viwili mahali pa kimoja. Katika majengo ya fremu zinazojirudia, ukaguzi huo wa jicho ndio wenye thamani zaidi, na ni saa chache tu za kazi.

Kosa la masafa litaendelea kutokea Nairobi kwa sababu jiji lina mwinuko na umbali unaofanya marekebisho mawili karibu yafutane. Mpimaji asiyefanya hata moja hukosea milimita 5 kwa mita 100 dhidi ya ramani na halioni tatizo maishani mwake. Anayefanya yote mawili yuko sawa. Anayefanya moja, kwa nia njema ya kuwa sahihi zaidi, hukosea mara tano hadi sita ya asiyefanya kitu. Kabla ya kupokea alama za mtu yeyote, muulize ameweka uwiano gani kwenye kifaa, na mwinuko gani.

Sifa ya "imekadiriwa" ilistahili bidii yote iliyotumika kuisimamia. Haikuzuia maungio mawili kugoma, kwa kuwa fundi wa yadi alipewa michoro ya karatasi isiyo na rangi ya chungwa. Alama hiyo ilipaswa kutoka kwenye modeli na kufika kwenye karatasi ya kukatia chuma, pamoja na agizo la kuacha matundu marefu au kutotoboa mpaka nguzo ipimwe. Paleti za nguzo mbili tu zingehamishwa kwa foklifti asubuhi moja. Hilo lingedaiwa kwa mpangaji kwa hoja ya ghorofa ya kati, badala ya kuombwa kwa ujumla pamoja na nguzo nyingine saba ambazo hazikuwa na uzito huo.

Vipimo vya unene viingie kwenye bei ya kwanza, kama kifungu chake: idadi ya boriti, mahali pa kupimia, jukwaa la kupandia, kibali cha kazi ya juu. Katika kisa hiki vililipwa kama nyongeza baada ya mabishano, na vingeweza kukosekana kabisa kama mhandisi asingekuwa mwangalifu. Mpaka vipimwe, sehemu ya ukubwa wa chuma kwenye modeli iandikwe kimo na upana vilivyosomwa, bila jina la jedwali. Jina kama 305×165×46 likishaandikwa, kila anayefungua faili hulichukua kuwa kweli.

Uamuzi wa kuacha droni ulikuwa sahihi kwa sola, maana miteremko iliyoonekana ilitosha kukagua ile iliyokadiriwa. Kwa gata la katikati haukutosha. Ndani ya gata hakuna kituo hata kimoja kilichoona, na modeli inalionyesha likiwa na mteremko sawa kutoka mwisho hadi mwisho kwa sababu tu lilichorwa hivyo. Sehemu hiyo imewekwa alama ya "haikuonekana". Wajenzi wa sola wameombwa wapime kina chake kwa mkono kila mita 3 watakapokuwa juu ya paa, kabla reli hazijaziba njia ya kulifikia na kabla mvua za Machi hazijaanza, na vipimo hivyo vitaingizwa kwenye modeli vikiwa na tarehe na jina la kifaa kilichotumika.